Choroko, maharage na punje mbili za mahindi: ninavyowafundisha vijana kuhusu kubeti

Kibanda changu cha wakala kiko Makorora, hapa Tanga, kwenye njia wanayopita wanafunzi wa sekondari asubuhi na jioni. Huu ni mwaka wa tisa nimekaa kwenye dirisha hili. Naweka pesa, natoa, nauza vocha, nawasomea meseji wasioona vizuri. Wakala huyajua mambo ya mtaa kabla ya mjumbe. Najua nani ametumiwa na mwanawe aliyeko Dar, nani mshahara wake umechelewa, na najua watoto gani wanabeti.

Nawajua kwa jinsi pesa yao inavyokuja. Mtu mzima anayeweka akiba huleta elfu ishirini au hamsini, mara moja kwa juma. Mtoto anayebeti huleta elfu moja, nusu sarafu, nusu noti zilizokunjwa mpaka zimekuwa kama sigara. Huja saa nne, wakati wa mapumziko ya shule, kisha saa kumi anarudi na elfu nyingine. Namba anayokutajia si yake. Laini zetu zinasajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA na alama za vidole, na mtoto wa chini ya miaka 18 kwa kawaida hana kitambulisho hicho, kwa hiyo anatumia laini ya mama, ya kaka, na mara nyingi kuliko zote, ya bibi.

Kijana wa kidato cha tatu alikuwa ananiletea hizo elfu moja moja kwa miezi mitatu, zote zikiingia kwenye laini ya bibi yake. Nilimuwekea. Kila muamala una kamisheni, ndogo lakini ipo, na mimi sikuuliza. Siku moja asubuhi bibi mwenyewe akaja, amejifunga kanga mbili, akataka atoe laki moja aende kutazamwa macho. Mwanawe alikuwa akimtumia kidogo kidogo tangu mfungo wa Ramadhani. Salio lilikuwa shilingi 1,400, na laini ilikuwa inadaiwa mkopo wa simu. Bibi hajui kusoma. Mjukuu ndiye aliyekuwa akimsomea meseji, na ndiye aliyemwekea namba ya siri tangu siku ya kwanza. Akaniuliza, "Mwanangu, zimekwenda wapi?" Nikafungua daftari langu la miamala nikaziona zote, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Tangu hapo kila Jumamosi saa nne asubuhi, kabla mechi hazijaanza, nakaa na vijana kwenye baraza ya nyumbani kwetu. Tulianza na 12. Mimi si mwalimu wa shule, nilimaliza kidato cha nne tu, lakini hesabu za pesa nazijua. Haya ninayoyaandika ni kwa mzazi, shangazi, mjomba, ustadhi au mwalimu anayetaka kulifanya jambo hili kwake. Vifaa vyote havizidi shilingi elfu mbili.

Usianze na mahubiri

Mimi ni Muislamu na naamini kamari ni haramu. Aya ya 90 ya Suratul Maida imeitaja pamoja na pombe, na kwangu hilo limekwisha. Lakini nimegundua kwamba kijana ukimwanzia hapo, anakusikiliza kwa adabu, anaitikia "ndiyo shangazi", na moyoni ameshaondoka. Aya hiyo anaijua. Ameisoma chuoni kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Tatizo lake ni kwamba haoni uhusiano kati ya aya na mkeka, yaani tiketi ya kubashiri mechi, wa shilingi 500 alionao kwenye simu.

Kuna aya nyingine inayonisaidia zaidi darasani, ya 219 katika Suratul Baqara. Pale Qur'ani yenyewe inasema kwamba katika pombe na kamari kuna manufaa kwa watu, ila dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Manufaa hayakukanushwa. Na wewe usikanushe. Ukimwambia mtoto kwamba hakuna anayeshinda, na rafiki yake Jumamosi iliyopita amepiga elfu themanini na kuwanunulia wenzake chipsi mayai, umeshakuwa mwongo kwake, na kila utakalosema baadaye atalipima kwa uongo huo. Mwambie ukweli: wapo wanaoshinda, na wengine hushinda kiasi kikubwa. Kisha mwonyeshe pesa hiyo inatoka mfukoni mwa nani.

Jambo jingine la kufanya kabla ni kuwaangalia watu wazima wa nyumbani. Baba anayekaa sebuleni na mkeka wake, anayemtuma mtoto amtazamie matokeo, ameshafundisha somo lake. Zungumza naye pembeni, mbali na watoto, mwombe angalau asifanye mbele yao. Wengine hukataa. Mmoja aliniambia nisimfundishe kuishi nyumbani kwake, na mwanawe tukaendelea naye vivyo hivyo.

Kuhusu sheria, hilo ni fupi. Michezo ya kubahatisha Tanzania inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, na mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Waambie mara moja, wajue, kisha endelea. Mtoto aliyekwisha kuizunguka sheria kwa laini ya bibi hatishwi nayo.

Mfuko wa mbegu

Chukua mfuko mdogo wa kitambaa usiopenya mwanga. Tia punje 9 za choroko, 9 za maharage mekundu, na 2 za mahindi. Jumla 20. Okota visoda mtaani, vioshe. Kila kijana mpe visoda 10. Wewe weka 50 kwenye bakuli. Wewe ndiye kampuni.

Kila raundi kijana anaweka kisoda kimoja upande wa choroko au wa maharage. Unatikisa mfuko, unachomoa punje moja mbele ya wote. Aliyepatia unamwongezea kisoda. Aliyekosea unachukua chake. Yakitoka mahindi unachukua vya wote. Punje inarudi mfukoni, mnaendelea. Fanyeni raundi 30. Kwa robo saa hivi mmemaliza.

Usiwaeleze kitu kabla. Waache wacheze. Watapiga kelele, watasema "choroko imetoka mara nne mfululizo, sasa zamu ya maharage", watatafuta mbegu yao ya bahati. Mmoja wa vijana wangu alikataa kukaa upande wa kulia kwa sababu upande ule unaliwa. Nilikuwa naandika yote kwenye karatasi.

Siku ya kwanza mahindi yalitoka mara nne. Baada ya raundi 30 bakuli langu lililoanza na visoda 50 lilikuwa na 84. Wawili walikuwa hawana hata kimoja. Saba walikuwa wamepungukiwa. Watatu walikuwa mbele: mmoja na 18, mmoja 14, mmoja 12. Basi nikawauliza swali moja tu: "Kama mtu angepita barabarani sasa hivi, angesikia nini?"

Kimya. Kisha binti mmoja akasema, "Angesikia hawa watatu."

Ilikuwa kweli. Wale watatu walikuwa wakiruka na kupigana viganja. Wale tisa walikuwa wameinamia visoda vyao. Mtaani ni hivyo hivyo. Aliyeshinda anatuma picha ya mkeka uliotiki kwenye kundi la WhatsApp, anasimulia kijiweni, anasifiwa. Aliyeliwa hana cha kutuma. Kwa hiyo kijana anayesikiliza mtaa anadhani wanaoshinda ni wengi, kwa sababu hao ndio wenye sauti. Hapa nakaa muda mrefu. Namwambia kila mmoja ataje mtu anayemfahamu aliyewahi kushinda, wanataja haraka. Kisha nawaambia wataje mtu aliyewahi kuwaambia ni kiasi gani amepoteza kwa mwaka mzima. Hawana wa kumtaja.

Baada ya hapo ndipo ninapomwaga mfuko juu ya jamvi na kuwaacha wahesabu wenyewe. Choroko 9 katika 20. Ukiweka kisoda upande wa choroko mara 20, kwa wastani utapata mara 9 na utakosa mara 11. Unapungukiwa na viwili. Mbegu ya bahati haipo, zamu ya maharage haipo. Mfuko haukumbuki kilichotoka mwanzo. Punje mbili za mahindi tu ndizo zilizojenga jengo la kampuni, zikalipa matangazo na jezi. Wakati mwingine kijana huzichukua zile punje mbili akazigeuza geuza kiganjani muda mrefu. Usimharakishe.

Mkeka

Vijana wa Tanga watakuambia mpira si mfuko wa mbegu, kwa sababu wao mpira wanaujua. Na ni kweli wanaujua. Mtoto aliyekulia jirani na Mkwakwani, akasikia wazee wakisimulia ubingwa wa Coastal Union wa 1988 kila wanapokunywa kahawa, anaweza kukupangia kikosi akiwa amefumba macho. Usibishane na ujuzi wake. Mwulize tu: hayo unayoyajua wewe, anayepanga odi, ile namba inayozidishwa na dau lako ukishinda, hayajui? Majeruhi, kadi, timu iliyosafiri usiku kucha kwa basi, yote yameshaingia kwenye odi kabla wewe hujafungua simu. Ndiyo maana timu unayoiamini sana inakupa 1.20.

Kwa mkeka natumia sarafu ya shilingi 100, upande mmoja sura ya Mwalimu Nyerere, mwingine swala. Wote wanasimama. Kila mmoja anarusha yake. Ikitoka sura, unaendelea kusimama; ikitoka swala, mkeka umechanika, kaa chini. Tunarusha mara 10, kama mkeka wa mechi 10. Siku ile 12 wakawa 6, wakawa 3, akabaki mmoja. Mara ya tano naye akakaa. Nusu ya mkeka tu, na baraza nzima imeshakaa.

Kisha kalamu na karatasi. Sarafu ina pande mbili sawa. Mtu mwaminifu akikuchezesha, ukipatia mara moja anapaswa kukulipa mara 2. Kupatia mara 10 mfululizo ni nafasi moja katika 1,024, kwa hiyo mwaminifu angekulipa mara 1,024. Sasa chukua kampuni inayokupa 1.85 badala ya 2. Kwa mechi moja huoni kitu, senti kumi na tano ni nini? Waache wazidishe 1.85 mara kumi kwenye kikokotoo cha simu. Itatoka 469 na ushee. Shilingi 500 yako ambayo ingestahili kulipwa 512,000 inalipwa kama 234,800. Zaidi ya nusu imeliwa, na imeliwa kidogo kidogo, kila mechi uliyoongeza imekatwa kipande. Vijana wengi huamini kinyume: kwamba kuongeza mechi ndiyo akili, kwa sababu namba iliyo chini kabisa ya mkeka, ile ya malipo, inazidi kuwa kubwa. Mimi pia niliamini hivyo mpaka nilipozidisha.

Tahadhari moja: wasikuone unafurahia wakikosa. Nakumbuka nilicheka yule wa mwisho alipokaa, na nikamwona amekunja uso kama mtu aliyepigwa. Sijacheka tena.

Kindege na mashine

Kuna ule mchezo wa kindege kinachopaa na namba inapanda, 1.10, 1.50, 2, 3, nawe utoe pesa kabla hakijaondoka. Siku hizi ndio unaochukua watoto wengi kuliko mpira, kwa sababu hausubiri Jumamosi. Hata kama mchezo wa namna hiyo unarudisha shilingi 97 katika kila 100, angalia mwendo. Raundi mbili kwa dakika ni raundi 120 kwa saa. Kijana anayeweka 500 kila raundi amezungusha 60,000 kwa saa moja, ingawa mfukoni alikuja na elfu mbili. Tatu katika kila mia ya elfu sitini ni 1,800. Elfu mbili yake imekaribia kwisha, na yeye anadhani alikuwa na bahati mbaya.

Mwonyeshe pia ile hisia ya "nilikuwa karibu". Kindege kimeondoka kwenye 1.98 na yeye alikuwa anangojea 2. Kwenye dubwi, zile mashine za sarafu, matunda mawili yamelingana na la tatu limesimama hatua moja chini. Kukosa kwa karibu ni kukosa, lakini mwili haupokei hivyo; moyo unadunda kama umeshinda, na mkono unarudi kubonyeza. Ubongo wa kijana unaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu, hasa sehemu ile ya kujizuia. Nawaambia hivyo bila kuwadharau. Nataka wajue kwamba mchezo umetengenezwa na watu wanaoujua mwili wao kuliko wao wenyewe.

Bonasi ya kujiunga niipite haraka: mara nyingi huwezi kuitoa mpaka uwe umeizungusha mara kadhaa. Wasomeshe masharti yake kwa sauti, mstari kwa mstari. Wakifika mstari wa nne wanakuwa wameshaelewa.

Mechi za fiksi

Somo hili linachukua mwezi mzima, na ndilo ninaloliona lina nguvu kuliko yote. Mtaani kuna watu wanaouza mechi za fiksi, yaani zinazodaiwa kupangwa matokeo, kupitia Telegram na WhatsApp: tuma elfu tano, upewe matokeo ya uhakika. Nilitaka vijana waone inavyofanyika kwa ndani.

Nilikuwa na vijana 16 wakati huo. Ijumaa ya kwanza nilimpa kila mmoja karatasi iliyokunjwa yenye utabiri wa mechi moja. Nikawaambia, "Karatasi yako ni siri yako, usimwonyeshe mtu." Nane ziliandikwa timu ya nyumbani itashinda. Nane ziliandikwa haitashinda. Jumapili, nane zilikuwa sahihi. Ijumaa ya pili niliwapa wale nane tu, wanne hivi, wanne vile. Ya tatu nikawapa wanne. Ya nne nikawapa wawili. Jumatatu iliyofuata alibaki kijana mmoja ambaye kwa wiki nne sikuwahi kumkosesha.

Alikuja kibandani peke yake baada ya Magharibi. Ni mtoto mwerevu, wa kwanza kwa hesabu darasani kwao. Akainama karibu kabisa na dirisha akasema polepole, "Shangazi, ya wiki hii nipe mimi tu. Nina elfu kumi." Alikuwa nayo mkononi.

Nilimwingiza ndani, nikafunga dirisha, nikapanga mezani nakala za karatasi zote, 16, kisha 8, kisha 4, kisha 2. Sikusema neno. Alizitazama, akaanza kuzihesabu kwa kidole. Alipofika safu ya tatu aliacha. Akakaa hivyo muda, taa ya simu ikimmulika usoni, kisha akauliza, "Kwa hiyo na yule wa Telegram?" Nikamwambia ndiyo. Alikuwa ameshamtumia elfu tano mara mbili.

Ukilifanya zoezi hili, mwambie yule wa mwisho faraghani kwanza. Usimfichue mbele ya wenzake. Yeye ndiye anayepaswa kuwaeleza wengine Jumamosi, kwa mdomo wake, akitaka. Wangu alitaka. Na lile neno "siri" mlirudie pamoja, kwa sababu ndilo lililoshika mchezo mzima. Wangeonyeshana karatasi zao siku ya kwanza, hakuna ambaye angedanganyika.

Kama ameshaingia

Dalili nizionazo mimi: baiskeli imetoweka na anasema imeibiwa, kumbe ameiweka rehani kwa fundi. Hela ya mihogo na kachori hainunulii chakula tena, anarudi na njaa. Anaamka usiku kutazama mechi za nchi ambazo hata haijui ramani yake. Anakopa elfu mbili mbili kwa watu tofauti. Anataka sana kukusaidia na simu yako. Hii ya mwisho imenifundisha kwa uchungu.

Usimpige. Mtoto aliyepigwa kwa kubeti hujifunza kuficha, na mwenye kuficha deni hulikuza. Kaa naye, chukueni meseji za miamala, andikeni kwenye daftari safu mbili: iliyokwenda na iliyorudi. Aandike yeye. Kijana anakumbuka alizoshinda, siku na saa. Alizopoteza zimefutika kichwani. Yule mjukuu wa bibi aliniapia kwamba ameshinda elfu tisini na tano. Tulikuta ni kweli kabisa, 95,000. Iliyokwenda ilikuwa 281,000. Alipotoa moja kwa nyingine akapata 186,000, akarudia hesabu mara tatu.

Kisha ziba njia. Badilisha namba ya siri ya kila laini ya nyumbani, hasa za wazee, na mzee achague mwenyewe. Mwenye laini apige huduma kwa wateja ya kampuni ya kubeti, aombe akaunti ya kubeti ifungwe. Angalia kama laini inadaiwa mkopo wa simu, kwa sababu kila pesa itakayoingia itakatwa, na mtu anaweza kudhani anaibiwa upya. Uliza kama kuna rafiki mkubwa anayemwekea dau. Karibu kila mara yupo.

Deni usililipe lote kimya kimya. Kama kuna mtu anamtishia, huyo malizana naye. Lililobaki alilipe kijana kwa kazi anayoiweza, pole pole, mbele ya aliyemdhulumu. Na Jumamosi mchana, saa za mechi, awe na mahali pa kuwa. Si kukaa ndani akinyimwa simu. Mahali pa kweli, na watu.

Wengine hawaachi hata wakijua hesabu zote. Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa kamari kuwa ugonjwa, na mgonjwa hatibiwi kwa visoda. Mpeleke hospitali, kwetu hapa ni Bombo, mweleze daktari waziwazi kwamba ni kamari. Akianza kusema ni afadhali afe, au hana haja ya kuishi, usimwache peke yake hata dakika moja na mpeleke siku hiyo hiyo. Namba 116 ni ya simu ya msaada kwa watoto nchini, haina malipo, na mtoto anaweza kupiga mwenyewe.

Kwa mawakala wenzangu: uliza laini ni ya nani. Sasa hivi mwanafunzi akiniletea elfu moja kwa namba isiyo yake, nampigia mwenye laini kabla sijaweka. Nimepoteza wateja. Wanakwenda kibanda cha mbele, najua, ndiyo maana naandika.

Bibi alikuja kuchagua namba yake ya siri mpya siku ya Alhamisi. Alichukua muda, vidole vyake havioni vibonyezo. Mjukuu alikuwa amesimama pale pale, na bila kuambiwa na mtu akageuka akatazama barabarani mpaka bibi alipomaliza. Siku hizi Jumamosi mchana anaziba pancha kwa fundi baiskeli, na jioni anapita kibandani kuweka kwenye laini ya bibi. Naandika kwenye daftari lile lile. Juzi ameleta elfu tatu. Imebaki 141,000.